Dada, Tuchukue Vitabu Gani?

Kama umewahi kufunga mizigo ya safari ndefu, bila shaka unajua kwamba nguo hazileti ugomvi. Ugomvi huletwa na vile vitu vya mwisho, vinavyotafuta nafasi wakati sanduku limekwisha kujaa. Kwa dada yangu na mimi, vitu hivyo vilikuwa vitabu.

Ilikuwa Novemba 2022. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Misri pamoja na kikundi cha akina mama wa kanisa. Baada ya siku chache za Cairo tungepanda meli ya watalii mjini Luxor na kukaa ndani yake usiku nne, tukipanda Mto Nile mpaka Aswan. Dada alikuwa akiweka akiba ya safari hiyo tangu alipostaafu ualimu mwaka 2017. Mimi fungu langu lilitokana na upatu tunaocheza wauguzi wa zamu moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kupumzika melini. Kwetu Mwanza meli ni chombo cha kukufikisha Bukoba au Ukerewe, wewe na mikungu ya ndizi ya watu wengine. Kwamba mtu hulipa ili akae kitini sitahani akitazama maji na kusoma kitabu, hilo lilikuwa jambo geni.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya vitabu vile visiwe vya kupitisha muda tu. Miezi minne kabla ya safari, daktari wa macho alimwambia Dada kwamba ana glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mara nyingi huja bila maumivu, ukianza kula pembeni mwa uoni huku katikati pakiwa bado pazuri, na ndiyo maana mtu huchelewa kujua. Dawa za matone husaidia kuuzuia usiendelee haraka, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Jicho la kushoto la Dada lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa. La kulia lilikuwa bado linasoma, mradi mwanga uwe mzuri.

Dada hakulia. Aliuliza tu kama ataweza kusoma mpaka Krismasi.

Ni lazima nieleze Dada ni nani kwangu. Mimi nilizaliwa mwaka 1977, mwaka ambao yeye alianza kufundisha shule ya msingi. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka mitano, naye akanichukua. Alinifundisha kusoma kwa kupanga punje za mahindi sakafuni kwa umbo la herufi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Ada yangu ya chuo cha uuguzi ilitoka kwenye mshahara wake. Kwa hiyo nilipokaa kuandika orodha ya vitabu vya safari, nilitaka kumtendea mema.

Niliandika orodha kama ninavyoandaa trei ya dawa wodini. Kitabu kimoja juu ya saburi wakati wa mateso. Kimoja juu ya kuzeeka kwa heshima. Kimoja chembamba juu ya utunzaji wa macho. Nikamwachia mezani. Kesho yake nilikikuta kile kikaratasi kimesahihishwa kwa kalamu nyekundu: alama 2 kati ya 10. Chini yake ameandika, "Ninakwenda kupumzika au ninakwenda kulazwa?"

Nilipomwuliza basi anataka nini, alijibu pasipo kufikiri, "Mauaji."

Akina mama, msishtuke. Alikuwa na maana ya Bwana Msa. Wale waliosoma vitabu vya Kiswahili zamani watamkumbuka yule mpelelezi wa Zanzibar mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum anayemfuata nyuma. Muhammed Said Abdulla alimleta kwetu katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960, na baadaye vikafuata vingine, kikiwemo Kisima cha Giningi. Dada aliwahi kuwasomea wanafunzi wa darasa la saba kitabu hicho cha kwanza kila Ijumaa saa ya mwisho, na anasema hakuna mtoto aliyekuwa akitoroka siku hiyo. Tulikipata kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, jalada limechanika, kurasa zote zimo.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza, nalo nakuambia wewe unayemwandalia mzazi, mume au mgonjwa vitabu vya safari: mwulize. Sisi tunaohudumia watu tuna ugonjwa wa kudhani tunajua wanachohitaji. Mtu anayeelekea kupoteza macho hahitaji kusoma habari za kupoteza macho mbele ya mto mzuri kama ule.

Jambo la pili Dada ndiye alinifundisha, tukiwa bado tumesimama kwa yule muuza vitabu. Alichukua kila kitabu, akanipa ukurasa wa katikati, akasema, "Soma kwa sauti." Alijua kwamba jicho lake litachoka na kwamba mimi ndiye nitakayeendelea. Basi viko vitabu vizuri kabisa ambavyo mdomo unavikataa: sentensi inazunguka mpaka pumzi inakwisha, wasemaji wanne wanazungumza na hujui nani ni nani. Na viko vingine vinavyotiririka. Mashairi ya Shaaban Robert, kwa mfano, yanapenda sauti kuliko macho. Kama mtasoma wawili, jaribuni hivyo kabla hamjalipa.

Kuhusu idadi, usijidanganye. Katika meli zile watalii huamshwa alfajiri ili waone mahekalu kabla ya jua kali. Unarudi, unakula, unalala kidogo. Muda wa kusoma ni alasiri meli inapotembea, na labda nusu saa usiku. Kwa siku nne, vitabu viwili vyepesi na kimoja kirefu vinatosha. Mwenzetu mmoja alibeba saba. Alifungua kimoja.

Kitabu kirefu ndicho kilichonitia hofu. Dada alitaka Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, kazi kubwa ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee yule alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, na akiwa mzee akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980 katika vitabu viwili, na yeye akafariki 1981. Ni habari ya mume na mke wanaopendana ambao hawapati mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi kama faini, na mwishowe baada ya kutibiwa wanajaliwa watoto. Nilijua kisa hicho, na kwa sababu hiyo nilikificha kitabu nyuma ya kabati. Nilidhani ninamkinga.

Tulipofika Luxor na kufungua masanduku, kitabu cha kwanza kilikuwa ndani ya sanduku la Dada, kimefungwa katika kitenge. Nilipotaka kueleza, alinikatiza: "Mdogo wangu, nimeishi bila mtoto wa tumboni miaka sitini na mitano. Unadhani nitakufa kwa kusoma?" Kisha akaongeza kwamba ni haki kitabu kutoka Ukerewe kisomwe huku, kwa kuwa kisiwa hicho kimo katika ziwa linalomwaga maji yake ndani ya Nile. Nikasema kwa furaha kwamba basi haya maji yote yametoka kwetu. Mwalimu hakukubali. Akanikumbusha kuwa sehemu kubwa zaidi ya maji yanayofika Misri hutoka milima ya Ethiopia. "Yetu yamo," akasema, "lakini usijisifu."

Mimi binafsi nilichukua barua za Florence Nightingale. Chuoni tulifundishwa taa yake na majeruhi wa Scutari, basi. Sikujua kwamba mwaka 1849, akiwa na miaka 29, alifika Misri na kusafiri katika Nile kwa mashua ya matanga, akiandikia nyumbani kila alichokiona. Wakati ule familia yake ilikuwa imemkatalia uuguzi. Hakuwa na kazi wala njia. Katika safari ya kurudi, mwaka 1850, alipitia Kaiserswerth, Ujerumani, kwenye kituo cha mashemasi wa kike waliohudumia wagonjwa, na mwaka uliofuata akarudi kujifunza hapo. Barua zile zilichapwa mwaka 1854 kwa ajili ya ndugu na marafiki, na aliyezishughulikia ni dada yake, Parthenope. Kiingereza chake ni cha kale na mahali pengine kinachosha. Lakini kusoma juu ya msichana aliyekata tamaa, wakati unapita mbele ya kingo zilezile alizopita, kunakufanya umwone mtu badala ya picha ya ukutani.

Wenzetu wawili walikuwa na Death on the Nile cha Agatha Christie, cha mwaka 1937, na bila shaka ndicho watu wengi wanachokumbuka wakisikia habari za meli na mto huu. Nilikiazima. Fumbo lake ni zuri. Lakini wenyeji wa nchi ile humo ndani ni kama kero tu, watoto wa kufukuzwa wasiombe bakshishi, na ukikisoma huku kijana wa Kimisri amekuletea chai na kukuuliza habari za mama yako, unaona haya kidogo.

Biblia Dada hakuiweka kwenye orodha, kwa kuwa kwake si kitabu cha safari. Ila alichagua sehemu: habari za Yusufu, Mwanzo 37 hadi mwisho. Tuliisoma mfululizo jioni moja, sauti yangu ikakauka. Na tulipofika Aswan alinionyesha kwamba nabii Ezekieli aliutaja mji ule, sura ya 29, mstari wa 10, kwa jina lake la kale.

Sasa niseme kidogo kama muuguzi. Taa za vyumba vya melini zimewekwa kwa ajili ya uzuri. Tulibeba taa ndogo ya kubana kwenye kitabu, ikatuokoa. Mchana keti kivulini na uvae kofia pana, maana mng'ao wa maji na karatasi nyeupe humchosha hata mwenye macho mazima. Kwa anayepoteza mstari, kata kipande cha kadi nyeusi, toboa dirisha la upana wa mstari mmoja, ukitelemshe ukurasani. Chagua maandishi makubwa na wino mweusi uliokolea. Matone ya macho yakae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la ndege, na saa zake zifuatwe hata kama hekalu linasubiri. Mtoni meli haiyumbi, ila wewe unayevuka bahari kwenda Unguja au Pemba ukumbuke kwamba kusoma wakati wa mawimbi huleta kichefuchefu: sikio linahisi mwendo, jicho linaona ukurasa uliotulia, mwili unachanganyikiwa. Funga kitabu, tazama mbali mahali mbingu na maji vinapokutana. Anayesoma kwa simu apakue vitabu vyake nyumbani.

Na jambo moja ambalo silipi nafasi ndogo. Glakoma hutembea katika familia. Ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Mimi, muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini, sikuwa nimepimwa hata siku moja. Nilipimwa wiki tuliyorudi, na sasa hupimwa kila mwaka. Kama mama yako, kaka au dada yako anao, nenda kabla hujaona dalili.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya Esna. Hapo mto una ukuta, na meli huingia katika chumba cha maji chenye malango, maji yakaongezwa mpaka inyanyuke kufikia kimo cha upande wa juu. Meli husubiri zamu, na wachuuzi huja kwa mitumbwi wakirusha vitambaa na kanzu mpaka sitahani ili ununue au uwarushie tena. Kelele zilikuwa kama soko. Katikati ya hayo Dada alikuwa akisoma Kitereza, kadi nyeusi mkononi, midomo ikitembea. Alisoma kurasa kumi na moja bila kunipa kitabu. Nilizihesabu. Kisha akavua miwani, akasema Bugonoka alikuwa mwanamke mvumilivu kuliko yeye, na kwamba laiti angekuwa yeye, wale wakwe wangesikia.

Hatukukimaliza. Bwana Msa tulimmaliza usiku wa tatu, na Dada alidai amemjua mwuaji mapema, jambo ambalo siliamini kwa kuwa alikuwa amekwisha kukisoma mara ishirini.

Krismasi ile alisoma, na iliyofuata pia, kwa shida. Leo jicho la kulia linatofautisha mwanga na vivuli vya watu. Jumamosi nikiwa sina zamu huenda kwake na kitabu cha pili cha Kitereza, nasoma yeye akichambua mboga kwa vidole. Jumamosi iliyopita alinisimamisha katikati ya ukurasa na kuniamuru nirudi nyuma. Nilikuwa nimeruka mstari.