"Mfumo Haukubali": Mnunuzi Mbele ya Mashine ya Muuzaji

Katika maduka ya Ganako na ya Karatu mjini, kando ya barabara ya lami itokayo Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro, kazi ambazo zamani mwenye duka alizifanya kwa daftari na kalamu sasa zinafanywa na mashine. Simu inapokea malipo. Mashine ya risiti inapiga hesabu ya kodi na kuituma serikalini. Mizani ya umeme inatoa bei pamoja na uzito. Taa ya sola iliyokopwa inajizima yenyewe iwapo malipo yamechelewa. Mabadiliko haya yamewafaa wenye biashara ndogo na za kati, nasi hatuna ugomvi nayo. Hata hivyo, yameleta dukani sentensi mpya ambayo mnunuzi huambiwa anapolalamika: "Mfumo haukubali."

Sentensi hiyo si jibu. Mnunuzi hakupatana na mfumo. Alipatana na muuzaji. Mashine ni mtumishi wa duka kama alivyokuwa kijana wa kaunta, na kosa la mtumishi hujibiwa na mwenye duka. Katika sura hii tunaeleza kila mashine inashuhudia nini na haishuhudii nini, kwa maana mlaji aweza kupoteza haki yake huku ameshika ushahidi mkononi, ila ushahidi wenyewe ni wa jambo jingine.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Ganako ananunua pampu ya maji kwa ajili ya bustani yake ya mboga. Analipa kwa simu kupitia lipa namba iliyobandikwa kaunta, anapata ujumbe wa kuthibitisha malipo, anashukuru na kuondoka. Baada ya siku 9 pampu inagoma, na mboga ziko kwenye jua. Anarudi dukani na kuonyesha ujumbe. Muuzaji anausoma, anakiri kwamba fedha zilifika, kisha anasema zilikuwa za mabomba yaliyouzwa wiki ile. Ujumbe hautaji pampu. Unataja kiasi, tarehe, saa, jina la biashara na namba ya muamala tu. Risiti mama hana, kwa sababu siku ya kununua aliulizwa swali ambalo wanunuzi wengi nchini wamewahi kulisikia, "Na risiti au bila risiti?", na bei ya bila risiti ilikuwa ndogo.

Punguzo lile ndilo lililomgharimu. Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba fedha zimetoka kwako na kumfikia fulani. Risiti inathibitisha kwamba fulani amekuuzia kitu fulani, kwa bei fulani, siku fulani. Hakuna kimoja kinachoweza kusimama badala ya kingine, na mnunuzi mwangalifu huviweka vyote viwili pamoja.

Mashine za kielektroniki za risiti, ambazo wengi tunaziita EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, kisha zikaenezwa kwa wengine. Hazikupokelewa kwa furaha. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 wafanyabiashara katika miji kadhaa walifunga maduka, wakilalamikia pamoja na mengine bei ya kuzinunua. Leo baadhi yao hutumia programu iliyo ndani ya simu au kompyuta inayofanya kazi ileile. Kwa vyovyote vile, kila mauzo yanapoandikwa, taarifa zake huenda Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa njia ya mtandao. Mtandao ukikatika, mashine huzihifadhi na kuzituma baadaye. Kwa hiyo "hakuna mtandao" si sababu ya kukunyima risiti.

Risiti halali hufunguliwa na kufungwa kwa mstari wa maneno ya Kiingereza unaotangaza kwamba ni risiti ya kisheria. Ndani yake mna jina la biashara, namba ya mlipakodi, namba ya mashine, tarehe na saa, bidhaa, jumla ya fedha, namba ya uhakiki, na alama ya mraba inayosomwa kwa kamera ya simu. Ukiwa na shaka, ingia katika tovuti ya uhakiki ya Mamlaka, andika namba hiyo ya uhakiki pamoja na saa iliyochapwa, nawe utaonyeshwa risiti kama ilivyopokelewa. Isipoonekana siku hiyohiyo, jaribu tena kesho yake kabla ya kumshutumu mtu.

Mambo matatu hupita bila kuangaliwa. La kwanza ni maelezo ya bidhaa. Muuzaji mwenye haraka huandika "vifaa" au "bidhaa mchanganyiko", na risiti ya namna hiyo itakufaa kwa kodi lakini si kwa pampu iliyoharibika. Omba jina la kitu liandikwe, na kama kina namba ya utengenezaji, iandikwe kwa kalamu nyuma ya risiti pamoja na muhuri wa duka. La pili ni kiasi: umelipa laki nne, risiti inasema laki moja na nusu. Hapo ndipo utakaporudishiwa laki moja na nusu. La tatu ni karatasi yenyewe. Risiti hizi huchapwa kwa joto, si kwa wino, na maandishi hufifia. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati, baada ya miezi michache utabaki na kipande cheupe. Ipige picha siku ileile, au itoe nakala.

Muuzaji mdogo asiyetakiwa kuwa na mashine naye anaweza kukuandikia risiti ya mkono. Mwombe aweke jina lake, namba ya simu, bidhaa, kiasi, tarehe na sahihi. Karatasi ya daftari yenye sahihi ni bora kuliko kumbukumbu.

Malipo ya simu yana shida zake. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Ukiona jina la mtu badala ya jina la duka, uliza kwanza. Huenda ni mwenye duka, huenda si yeye. Tena, mtandao unapolemewa, ujumbe huchelewa, muuzaji anasema hajaona kitu, na foleni nyuma yako inaanza kunung'unika. Wakati huo ndipo watu hulipa mara ya pili. Usifanye hivyo kabla ya kuangalia salio na orodha ya miamala yako. Salio likiwa limepungua, fedha zimeondoka kwako: mwonyeshe muuzaji namba ya muamala, naye aangalie salio la akaunti yake, maana hata yeye ana haki ya kutoamini ujumbe peke yake, matapeli hutengeneza ujumbe wa malipo unaofanana na wa kweli. Fedha zikienda kwa namba isiyo sahihi, piga simu kwa mtoa huduma mara moja ili azizuie. Na ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Upeleke kwenye namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Kuhusu mizani ya umeme tutasema kidogo. Iwe ni vitunguu vya Mang'ola au misumari, hakikisha kioo kinaonyesha sifuri kabla mzigo haujawekwa, na kwamba mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Tarakimu zinazong'aa si ushahidi kwamba mizani imekaguliwa.

Vifaa vya sola vya kulipia kidogo kidogo vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa mashine haitoi hesabu tu, inatoa adhabu. Wengi wetu tulizoea jambo la karibu na hili kupitia LUKU: unalipa, unapewa tarakimu 20, unaziingiza, umeme unawaka. Sola ya mkopo hufuata njia hiyo, ila kifaa kiko nyumbani kwako na bado si chako mpaka umalize deni. Ukikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti, malipo yako huwasha taa ya jirani usiyemjua. Kabla ya kutia sahihi, omba mkataba kwa lugha unayoisoma, uangalie jumla ya fedha utakazokuwa umelipa mwishoni, siku ngapi za kuchelewa zinavumiliwa, nani anatengeneza kifaa kikiharibika, na kama siku za matengenezo nazo zinahesabiwa kuwa deni. Swali hili la mwisho watu hawaliulizi, nasi tunaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Mashine hizi pia hukusanya majina na namba za simu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na muuzaji anapaswa kukueleza anachukua taarifa zako kwa ajili gani. Una haki ya kuuliza.

Kuna tangazo linalobandikwa ukutani na hata kuchapwa chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Linaweza kumzuia mnunuzi aliyebadili mawazo. Halimwondolei muuzaji wajibu kwa kitu kibovu, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka masharti yanayoambatana na mauzo kwa mlaji, na tangazo la ukutani haliyafuti.

Turudi kwa mama wa pampu. Kama angekuwa na risiti inayotaja pampu, angeanza dukani kwa muuzaji. Akikataliwa, angepeleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Laiti shida yake ingekuwa fedha zilizopotea kwenye simu, angeanza kwa mtoa huduma, na asiporidhika angekwenda Benki Kuu ya Tanzania. Kunyimwa risiti huripotiwa Mamlaka ya Mapato, na mizani yenye mashaka Wakala wa Vipimo. Kote huko ataulizwa kama alimpa muuzaji nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo barua ya kwanza, hata ikiwa ya mistari mitano, iandikwe katika nakala mbili: moja abaki nayo muuzaji, na ya pili muuzaji aitie sahihi na tarehe aliyoipokea, kisha ikae pamoja na risiti na picha ya ujumbe wa malipo.