Mzee anatumia prednisoloni: achanjwe kabla ya Hija?

Familia zinazojiandaa na Hija hutuuliza: mzee wetu anakunywa prednisoloni siku nyingi kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, je, achanjwe?

Jawabu: chanjo si zote sawa. Ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia humtaka kila hujaji awe ameipata si chini ya siku 10 kabla ya kufika, haina kijidudu hai. Mzee huyu anaweza kuchomwa, ingawa huenda kinga yake ikawa pungufu. Ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Anayetumia miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili na kuendelea kwa kawaida hachomwi, kwani inaweza kumdhuru.

Tahadharini na jambo moja: msimwachishe dawa ghafla ili achanjwe. Mwili uliozoea dawa hii hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikatisha kunaweza kuua. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia. Basi mpelekeni kwa daktari mapema, na mchukue vidonge vyake mkamwoneshe.

Wallahu a'lam.