Kwa Nini Bakuli la Nundu Halipasuki

Anayeona kwa mara ya kwanza vyombo vya Ed Moulthrop huuliza swali ambalo seremala yeyote angeuliza: gogo bichi, pana kuliko urefu wa mkono wa mtu mzima, limekerezwa likawa chombo cha mviringo chenye mdomo mwembamba; mbona halikupasuka? Moulthrop (1916–2003) alikuwa msanifu majengo wa Atlanta, Marekani, na makerezo na patasi zake ndefu alijitengenezea nyumbani. Habari za mashine na unoaji tuziache. Utamu wote uko kwenye maji.

Tendegu la kitanda hukerezwa kwa ubao mwembamba uliokwisha kukauka. Chombo kikubwa hakina njia hiyo: gogo la sentimita 90 likiachwa zima hukauka kwa miaka, na hupasuka kabla ya kufika. Lazima likerezwe bichi.

Mti mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa katika uwazi wa seli, na yaliyonaswa ndani ya kuta za seli. Ya kwanza yakitoka, mti hupungua uzito tu. Vipimo vyake havibadiliki. Unyevu ukishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, uwazi huwa umebaki mtupu, ila kuta bado zimeshiba. Kiwango hicho tukiite shibe ya kuta. “Ujazo” usingefaa, maana gogo halijajaa tena. Kilichoshiba ni ukuta peke yake. Chini ya shibe hiyo ndipo mti huanza kusinyaa.

Ukuta wa seli umejengwa kwa minyororo mirefu ya selulosi, na maji yamejipenyeza katikati yake. Chukua robota la kanga zilizokunjwa, kati ya kanga na kanga pamewekwa karatasi. Karatasi hizo ndizo maji. Zichomoe: hakuna kanga iliyopungua urefu, lakini robota limebonyea. Ndivyo ubao ulivyo. Kwa urefu wa nyuzi husinyaa chini ya asilimia moja. Kwa upana ni mambo mengine. Mcheri mweusi wa Marekani, ukikaushwa kabisa, husinyaa asilimia 3.7 kutoka kiini kwenda gome, na asilimia 7.1 kwa kufuata duara la pete zake. Sasa panga marobota mengi yaizunguke nguzo, yakiwa yameshonwa pamoja. Ya nje yakipoteza karatasi zao huku ya ndani yangali manene, duara la nje linakuwa fupi kuliko kitu linachokizunguka. Mshono hauna budi kuachia, na huo ndio ufa.

Katika nundu, marobota yametupwa ghalani ovyo. Hili limelala, lile limesimama, jingine limeegemea pembeni, na kila moja linabonyea upande wake. Hakuna mshono mmoja ulionyooka wa kufumuka. Nundu, kwa hakika, si fundo: fundo ni kitako cha tawi kilichomezwa na shina, ilhali nundu ni uvimbe ambamo mara nyingi machipukizi mengi yaliyolala yamesongamana na kuzipindapinda nyuzi. Mel Lindquist (1911–2000), mhandisi wa General Electric huko Schenectady, New York, alikereza nundu za mcheri wakati mafundi wengi walipokuwa bado wanataka mbao zilizonyooka.

Moulthrop hakungoja msaada wa nundu. Alitumia dawa ambayo Alfred Stamm aliichunguza miaka ya 1950 katika maabara ya serikali ya mazao ya misitu, Madison, Wisconsin: polietilini glaikoli, kitu cheupe kinachoyeyuka majini. Chombo kilikerezwa kwanza kikabaki kinene, kikazamishwa kibichi katika pipa la dawa kwa wiki nyingi. Molekuli zake zikaingia kwenye kuta za seli; maji yalipotoka, zenyewe zikabaki. Ni kama kuchomoa kila karatasi baada ya kuchomeka bamba la nta mahali pake: robota halina pa kushukia. Dawa hiyo hiyo ilinyunyiziwa kwa miaka 17 juu ya Vasa, meli ya kivita ya Sweden iliyozama 1628 na kuibuliwa 1961.

Miti mizito kama mpingo huinywa dawa hiyo kwa shida, na rangi ya kung'arisha hushika vibaya juu ya mti ulioinywa.

Asiye na pipa la dawa hukereza chombo mara mbili. Mara ya kwanza huacha ukuta wenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, hukipaka nta, kisha hukiweka kivulini mbali na upepo. Bakuli la nundu litarudi na vilima na vibonde usoni, kila kimoja kikionyesha nyuzi zilivyolala, na wapo wakerezaji wanaoviacha hivyo makusudi. Anayetaka uso laini hupima uzito kila wiki. Mizani ikikataa kushuka wiki kadhaa mfululizo, hukirudisha kwenye kerezo.