Kambi Hukumbukwa kwa Miguu

Agosti 1907, wavulana wapatao 20 walipiga kambi Brownsea, kisiwa kidogo ndani ya bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Wengine walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani. Robert Baden-Powell, aliyeandaa kambi hiyo, aliwagawa vikosi vinne: Sululu, Kunguru, Mbwa Mwitu na Fahali. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala iliyotoka vita vya Matabele, Zimbabwe ya leo. Usiku walikaa duara kuzunguka moto, wakisikiliza hadithi zake. Kambi hiyo ya wiki moja tu ndiyo inayohesabiwa kuwa chimbuko la uskauti.

Imewezaje kudumu akilini mwa watu kwa zaidi ya karne? Sehemu ya jibu imo ubongoni. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky waligundua katika hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, ya panya seli zinazoamka mnyama anapofika mahali mahususi. Kazi hiyo ilimpatia O'Keefe Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa binadamu, hipokampasi hiyo hiyo ndiyo inayotuhifadhia matukio ya maisha, na ndiyo maana tukio na mahali lilipotokea havitengani kirahisi. Mtoto wa kambini hupita njia zile zile kila siku: hemani kwenda majini, majini kwenda jikoni, jikoni kwenda motoni. Miaka baadaye akiikanyaga njia hiyo, wimbo aliodhani ameusahau humjia wenyewe.

Lakini hiyo ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishikilia kwamba kundi nalo hukumbuka kwa kuegemea mahali. Kambini jambo hili ni wazi kuliko kwingine kokote, kwa sababu watoto hubadilika kila kiangazi ilhali uwanja haubadiliki. Mgeni hukalishwa kwenye gogo walilokalia waliomtangulia, akasoma majina yaliyochongwa ukutani, na kabla ya juma kwisha anasimulia visa vya watu asiowahi kuwaona kana kwamba alikuwepo.

Brownsea yenyewe ilipata misukosuko. Iliuzwa mwaka 1927, mmiliki mpya akaifungia umma, na moto wa 1934 ukateketeza sehemu kubwa ya kisiwa. Ilifunguliwa tena mwaka 1963. Miaka yote hiyo maskauti walikuwa wamekwisha kuubeba mpangilio wake: vikosi vidogo, duara la moto, alama za njiani. Moja ya alama hizo, duara lenye nukta katikati, imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, Kenya. Maana yake ni "nimekwenda nyumbani", na skauti wa nchi yoyote huisoma bila mkalimani.

Kwa maoni yangu, wanaokarabati kambi za watoto waanze kwa kuuliza moto huwashwa wapi. Vitanda, mabati na vyoo vibadilishwe vyote; pale pa moto pasiguswe.