Jela iliyofungwa kwa hasara yageuka kitega uchumi

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anapofunga hesabu za mwaka, mali inayokula zaidi ya inachoingiza huwa ya kwanza kupelekwa mnadani. Mji wa San Francisco, ulioko jimbo la California magharibi mwa Marekani, unatoa sababu ya kufikiri mara mbili. Baadhi ya vivutio vinavyowaleta watalii mjini humo vilikwisha kuandikwa katika safu ya hasara.

Mfano ulio wazi zaidi ni kisiwa cha Alcatraz. Kuanzia mwaka 1934 kilikuwa gereza la serikali kuu kwa wafungwa sugu, akiwamo Al Capone. Kisiwa hakina maji baridi, hivyo maji, chakula na mafuta vyote vilivushwa kwa vyombo. Mwaka 1959 mfungwa mmoja aligharimu dola 10.10 kwa siku, wakati katika gereza la Atlanta aligharimu dola 3 tu. Chumvi ya bahari nayo ilikuwa ikiyala majengo. Machi 1963 serikali ikafunga gereza.

Miaka kumi baadaye, 1973, kisiwa kilifunguliwa kwa wageni kikiwa sehemu ya hifadhi ya taifa. Kabla ya korona, zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka walikuwa wakilipa ili kuvuka na kutazama vyumba vile vile ambavyo serikali ilishindwa kuvigharimia. Uchakavu uliofukuza wafungwa umekuwa ndiyo bidhaa. Msomaji anayepanga safari akate tiketi mapema, kwani wakati wa kiangazi nafasi hujaa siku nyingi kabla.

Kivutio cha pili ni tramu zinazovutwa na kamba ya chuma ipitayo chini ya barabara. Andrew Hallidie alizianzisha mwaka 1873 ili kupanda vilima ambavyo farasi walivishindwa. Kamba hukimbia bila kusimama kwa mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, na mwendeshaji huishika au kuiachia kwa mtaimbo.

Mwaka 1947 Meya Roger Lapham alitaka tramu hizo ziondolewe, akisema mabasi yana gharama nafuu. Mama mmoja, Friedel Klussmann, aliongoza kampeni ya kuzitetea, na wapiga kura wakamuunga mkono kwa zaidi ya kura tatu dhidi ya moja. Kwa hesabu ya usafiri peke yake, Meya alikuwa na hoja. Kilichokosekana katika hesabu zake ni mgeni anayelala hotelini, akala na kununua zawadi kwa sababu amekuja kupanda tramu. Njia tatu zimebaki hadi leo.

Gati namba 39 lina kisa cha aina yake. Lilifunguliwa mwaka 1978 likiwa na maduka, mikahawa na maegesho ya boti. Tangu mwishoni mwa 1989, simba wa bahari walianza kupanda juu ya maegesho hayo, na baada ya miezi michache wakawa mamia. Wenye boti walilalamikia kelele na harufu. Baada ya ushauri wa wataalamu wa wanyama wa baharini, uamuzi ukawa kuwaachia wanyama nafasi. Kuwatazama ni bure, lakini mtazamaji akigeuka nyuma anakutana na mikahawa na maduka. Mei 2024 walihesabiwa zaidi ya 1,000.

Nje kidogo ya mji kuna daraja la Golden Gate. Mwaka 1930 wapiga kura wa wilaya sita walikubali kuweka rehani mashamba na nyumba zao ili zitolewe hatifungani za dola milioni 35. Daraja lilifunguliwa mwaka 1937, na hatifungani za mwisho zikalipwa mwaka 1971. Mtaji huo pamoja na riba ya karibu dola milioni 39 vilitoka katika ushuru wa magari. Mtembea kwa miguu hadaiwi kitu.

Ukivuka daraja kuelekea kaskazini unafika Muir Woods, msitu wa miti mirefu ya redwood. William Kent na mkewe waliununua mwaka 1905 kwa dola 45,000. Kampuni ya maji ilipotaka bonde hilo ili ijenge bwawa, Kent aliikabidhi serikali kuu sehemu ya msitu, na Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza kuwa hifadhi. Siku hizi hata nafasi ya kuegesha gari lazima ilipiwe mapema.

Hata hivyo, mwekezaji asidhani kila gofu ni dhahabu. Machi 2020 korona ilisimamisha tramu na kufunga Alcatraz kwa wageni, na mapato ya utalii yakakatika kwa pigo moja. Tena siasa haziko mbali: Mei 2025 Rais Donald Trump alisema ameagiza Alcatraz ijengwe upya na kufunguliwa kama gereza. Maji baridi bado yanatoka bara, na chumvi bado inakula kuta. Yeyote atakayetekeleza agizo hilo ataanzia kwenye hesabu ile ile ya mwaka 1963, safari hii akiongeza na mapato ya tiketi yatakayopotea.