Seva ya Tawi: Fedha Kidogo Zitumike Wapi?



Mwanachama akifukuzwa kazi au akifariki dunia, swali la kwanza linaloulizwa ni hili: alikuwa akilipa ada? Jibu limo katika daftari. Likiliwa na mchwa au likilowa mvua, anayeumia ni mfanyakazi na jamaa zake. Kwa hiyo tawi linapotaka kuhamishia daftari lake kwenye kompyuta, lisikubali kuuziwa chombo cha fahari. Linunue chombo kisichopoteza kumbukumbu.

Chombo hicho huitwa seva. Ni kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, inatunza hifadhidata, yaani daftari lenyewe, na kumjibu mwanachama anayefungua tovuti ya tawi kwa simu yake.

Je, inahitaji nguvu nyingi? Tupige hesabu. Tawi la wanachama 2,000 wanaolipa kila mwezi huandika mistari 24,000 kwa mwaka, na 240,000 kwa miaka kumi. Yote hayo hayajazi hata gigabaiti 1. Basi kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, ikiwa nzima, inatosha. Prosesa ya bei kubwa na kioo kipana ni kutupa fedha za wanachama.

Fedha zielekezwe hapa:

Kwanza, diski. Nunueni mbili mpya, zisizo na sehemu zinazozunguka, zifungwe ziandike jambo lile lile kwa pamoja. Moja ikifa, ya pili inaendelea. Msiweke daftari kwenye kadi ndogo kama zile za simu. Kadi hizo huchakaa upesi zikiandikwa mara kwa mara, na umeme ukikatika ghafla huweza kuharibika.

Pili, kumbukumbu ya kazi. Gigabaiti 8 zinatosha, 16 ni bora. Zikipatikana za aina inayojisahihisha makosa, na kompyuta ikazikubali, chukueni hizo.

Tatu, umeme. Hapa Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, hatuna haja ya kufundishwa habari ya giza. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya bwawa la Kariba, na nchini Zambia umeme ulikatwa kwa saa nyingi kila siku. Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika, daftari linaweza kuharibika. Betri ya dharura huipa dakika chache za kujifunga kwa utaratibu, mradi iunganishwe nayo kwa waya wa kupashana habari.

Wanaotaka kutumia sola wachague mashine isiyo na ulafi. Inayokula wati 100 humaliza yuniti 2.4 kwa siku; ya wati 20 humaliza 0.48 tu. Betri ya maji ya tindikali ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hubeba hiyo ndogo kwa karibu siku nzima. Ile kubwa itazimika kabla ya saa sita kupita.

Nne, nakala. Diski mbili zilizo pamoja si akiba. Mwizi huzibeba zote, moto huziunguza zote, na karani akifuta jina kwa makosa, linafutika kote. Nunueni diski ya tatu, ya nje. Inakiliwe kila juma na ihifadhiwe katika jengo jingine. Kila baada ya miezi mitatu ijaribuni kama inasomeka.

Mwisho, chumba kifungwe kwa ufunguo na kifagiliwe vumbi. Sheria ya Zambia ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa za watu inatudai tuzitunze taarifa za wenzetu.

Ndugu, muuzaji akiwaambia mashine yake ina kasi kuliko zote, mwulizeni swali moja: umeme ukikatika sasa hivi, majina yetu yatabaki?