Je, Wajua? Paa la Gari Lililozaliwa na Koti la Mvua

Mwaka 2020 kampuni ya BMW ilizindua 4 Series mpya yenye paa la kukunjwa, na walioizoea ile ya awali wakashangaa. Paa la chuma lililokuwa likijikunja vipande vipande na kuingia kwenye buti halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na paa la kitambaa ambalo, kwa hesabu za kampuni yenyewe, lilikuwa jepesi kuliko lile la chuma kwa asilimia 40 hivi. Gari jingine la kampuni hiyo, Z4, lilikuwa limeshapita njia hiyo mwaka 2018. Nayo Mazda MX-5, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989 na kufikisha magari milioni moja mwaka 2016, haijawahi kukosa toleo lenye paa laini.

Chuma kilishindwa kwa uzito na nafasi. Paa zito hupandisha juu kitovu cha uzito wa gari zima, jambo ambalo dereva hulisikia kwenye kona. Likikunjwa, hula nafasi ya mizigo. Kitambaa hujikunja kikawa kidogo, na paa la Z4 hufunguka kwa sekunde 10 tu. Hata hivyo kitambaa kina sharti ambalo chuma hakina: hakiwezi kutunzwa vizuri na mtu asiyejua kilivyoundwa.

Wengi hudhani ni turubai lililonyooshwa juu ya fremu. Sivyo. Kitambaa cha paa la kisasa kina matabaka matatu yaliyoshikanishwa yakawa kitu kimoja. Juu kuna nyuzi za akriliki zilizofumwa kwa kubana, chini kuna kitambaa cha poliesta au pamba, na katikati, mahali pasipoonekana, kuna mpira.

Wazo la kuweka mpira kati ya vitambaa viwili lina umri wa karne mbili. Mwaka 1823 mkemia wa Uskoti, Charles Macintosh, alipata hataza ya njia ya kuyeyusha mpira kwa nafta, kimiminika kilichotokana na lami ya makaa ya mawe, kisha kuupaka kati ya vitambaa viwili. Makoti ya mvua yaliyotokana na kazi hiyo yalibeba jina lake, na Waingereza huyaita hivyo mpaka leo. Yalikuwa na kasoro moja kubwa: joto lilipozidi mpira ulinata, baridi ilipozidi ulikakamaa. Tiba ikapatikana mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hutulia katika joto na baridi.

Magari ya mwanzo yalipoanza kuenea, mengi yakiwa hayana paa la kudumu, kitambaa hicho cha makoti kilikuwa tayari. Kampuni ya Haartz ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1907 kwa kupaka vitambaa mpira, bado ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vitambaa vya mapaa duniani. Mpira wenyewe umebadilika. Mwaka 1937 wakemia wa Standard Oil, William Sparks na Robert Thomas, walitengeneza mpira wa butili, ambao hauruhusu hewa wala maji kupenya kwa urahisi. Ndio huo huo unaotumika kutengeneza tyubu za magurudumu.

Tabaka la juu lina kazi yake: kupambana na jua. Nyuzi za akriliki hustahimili miale ya urujuanimno kuliko pamba, na rangi yake haipakwi baada ya kufumwa. Huchanganywa na akriliki ingali kimiminika, kabla haijavutwa kuwa uzi. Ukiukata uzi huo, ndani ni rangi ile ile ya nje, kama karoti. Uzi uliopakwa rangi baadaye ni kama kiazi kitamu chenye ganda jekundu na nyama nyeupe. Ndiyo maana paa la akriliki hukaa miaka mingi juani kabla halijapauka.

Hapa ndipo panapohitaji kueleweka vizuri, kwa sababu wenye magari wengi hukosea. Kinachozuia maji kuingia ndani ya gari ni mpira wa katikati. Kinachofanya matone yasimame juu ya kitambaa na kuteleza ni kitu kingine kabisa: dawa nyembamba iliyopakwa kwenye nyuzi za juu kiwandani. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa nguvu. Zikikuta uso usiozivuta, hujikusanya kuwa tone la mviringo; zikikuta uso unaozivuta, hutandaa na kulowa. Dawa hiyo huchakaa kwa jua, msuguano na sabuni. Siku matone yanapoacha kusimama, paa halijaanza kuvuja. Limeanza kulowa, na kitambaa kinachokaa na unyevu hushika uchafu, huwa kizito, huota ukungu na huozesha mishono.

Historia ya dawa za namna hii nayo ina kisa chake. Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya 3M huko Minnesota, matone ya kemikali yenye florini yaliangukia kiatu cha turubai cha msaidizi mmoja. Walijaribu kuyaondoa kwa sabuni na kwa vimumunyishaji, wakashindwa. Kiatu kilipozidi kuchakaa na kuchafuka, sehemu ile ikabaki safi. Mkemia Patsy Sherman na mwenzake Sam Smith waliona walichokipata, na kufikia mwaka 1956 bidhaa yao, Scotchgard, ikaingia sokoni. Lakini kemikali za jamii hiyo haziozi kwa urahisi. Zilionekana kwenye maji, kwenye wanyama na kwenye damu ya watu. Mwaka 2000 3M ilitangaza kuachana na kemikali iliyokuwa msingi wa Scotchgard ya wakati huo, na mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku ndugu yake iitwayo PFOA. Leo kuna dawa za paa zisizo na florini. Huenda zikahitaji kurudiwa mapema zaidi, lakini anayejali maji ya kisima chake ana sababu nzuri ya kuzichagua.

Kuosha paa huanza bila maji. Vumbi na mchanga uliojificha kati ya nyuzi una kingo kali, na kila paa linapokunjwa chembe hizo hukata uzi kidogo kidogo. Kwanza uchafu huo uondolewe kwa brashi laini au mashine ya kufyonza vumbi. Ndipo paa lilowanishwe lote, lipakwe sabuni ya maji isiyo kali au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya kitambaa, na lisuguliwe taratibu kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa ufumaji. Kazi hii ifanyike kivulini, kwa kuwa juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Kusuuza kuendelee mpaka povu liishe kabisa: sabuni iliyobaki huvuta maji na kuifanya dawa isishike.

Kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyo hiyo. Kina asidi ya uriki, na jua hukikausha mpaka kikashikamana na nyuzi. Kiloweshwe kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, kisha kiinuliwe badala ya kusuguliwa. Ukungu hauli akriliki yenyewe. Hula vumbi na uchafu wa majani uliokwama juu yake, ndiyo maana paa safi na kavu haliuoti kwa urahisi.

Jiki iachwe kwa kazi nyingine, maana hudhoofisha nyuzi za mishono na kuondoa dawa ya kuzuia maji. Mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye mishono na raba za kuzibia. Hatari kubwa zaidi ni petroli na mafuta ya taa, ambayo fundi mwingine huyatumia kuondoa utomvu au lami. Mpira wa butili huvimba ukikutana na mafuta ya jamii hiyo, na matabaka huweza kuachana. Macintosh alilijenga koti lake kwa kuyeyusha mpira, na kiyeyushi cha jamii hiyo hiyo kinaweza kulibomoa paa.

Dawa mpya hupuliziwa paa likiwa kavu kabisa, nje au mahali penye hewa, vioo na rangi ya gari vikiwa vimefunikwa. Mipulizo miwili myepesi hufanya kazi vizuri kuliko mmoja mzito. Mapaa ya plastiki ya PVC, kama lile la MX-5 za kwanza, yanataka dawa tofauti, kwani adui yake ni jua linaloifanya plastiki ipoteze vilainishi vyake na kupasuka. Dawa ya plastiki isitumike kwenye kitambaa, wala ya kitambaa kwenye plastiki.

Mara nyingi maji yanayokutwa kwenye zulia hayakupita kwenye kitambaa hata kidogo. Huingia kwa raba zilizokakamaa au kwa vijitundu vya kutolea maji vilivyo pembeni mwa paa, vikishaziba kwa majani na vumbi. Vizibuliwe mara kwa mara kwa waya laini wa plastiki, usiotoboa mipira yake.

Karibu na ikweta kazi hii huongezeka. Dar es Salaam na Mombasa jua la adhuhuri huwa juu sana angani mwaka mzima, hewa ina chumvi na unyevu, na mvua za masika hufuata miezi ya vumbi. Gari la namna hii linalolala nje huko linataka kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu chake cha Ulaya kinavyosema.

Mwenye gari ana kipimo kinachotosha. Amwagie paa safi na kavu glasi moja ya maji. Matone yakisimama, aliache. Yakizama, alioshe na kulipaka dawa upya. Na paa lililolowa lisikunjwe, hata mvua ikikatika na jua likawaka: lisubiriwe likauke kwanza, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani ya mikunjo ndio unaozaa ukungu na kuozesha mishono.